Jora la Okdan na Nondo Waliosingiziwa

Asubuhi moja, mwezi wa ziada ulipokuwa mchanga, Mallye alishuka kwenye basi la Andong akiwa na mkasi mpya, paketi ya sindano na kopo la dagaa waliokaangwa kwa sukari. Alitembea kati ya mashamba ya katani mpaka nyumbani kwa mama yake. Alimkuta Okdan ukumbini juu ya mbao, sketi imekunjwa hadi pajani, akiunganisha nyuzi. Kazi hiyo wanawake wa Samgol huifanya hivi: ncha ya uzi mmoja hulazwa juu ya ncha ya mwingine, hulowanishwa kwa mate, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya goti tupu mpaka zishikane. Okdan alikuwa na miaka themanini na ushee, na goti lake la kulia lilikuwa laini kama ubao wa kukatia mboga. Pembeni ya mfupa palikuwa na kovu dogo, bado la waridi.

"Alitoka salama?" Mallye aliuliza, akivua viatu.

"Tangu Mei. Mwaka huu wala hakuniumiza. Umekula?"

"Nimekula kwenye basi."

"Kula kwenye basi si kula. Njoo uketi."

Aliyetoka alikuwa nondo. Katani ya Samgol si mkonge. Ni mmea mwembamba unaompita mtu mrefu, wa ukoo mmoja na bangi, ingawa wazee wetu hawapendi ukoo huo utajwe mbele ya wageni. Nondo wa katani ana urefu wa punje ya mchele na rangi ya udongo uliolowa. Ukimtazama haraka utadhani ni uchafu, na watu wengi humtazama haraka. Ukitulia utaona vialama vyeupe kwenye ukingo wa bawa, na akikunja mabawa utaona mistari minne myeupe imekutana mgongoni. Huishi wiki mbili akibahatika. Jike hutaga yai moja moja kwenye jani la katani. Kiwavi akianguliwa hutoboa shina na kuhamia ndani, na shina huvimba pale alipo. Humo hula, hunenepa, huwa wa waridi, hujifunga kwa hariri yake na kugeuka. Vizazi vya kiangazi hupita upesi, lakini kizazi cha vuli hulala shinani baridi yote na kutoka Mei. Yupo Korea nzima, yupo China na Japani, na wanasema ameshafika Ulaya na Amerika ndani ya magunia ya mbegu. Inakokwenda katani naye huenda. Huku Samgol hupatikana pia kwenye magoti ya wanawake.

Jambo hilo halijawahi kumnyima mtu usingizi. Goti lililosokotewa nyuzi tangu usichana huwa na harufu ya shina, na kila vuli kiwavi mmoja asiyekuwa makini huingia. Daktari wa zahanati huubonyeza uvimbe, huuliza kama unauma, husema ni kiwavi, kisha hutoa plasta ya mgongo, maana wote huumwa mgongo. Baridi yote Okdan hulalia ubavu wa kushoto ili asimkandamize. Tangu mumewe alipofariki na watoto kwenda mjini, huyo ndiye aliyebaki wa kuambiwa kwamba theluji imeanza, au kwamba supu imezidi chumvi. Akishatoka, Okdan hupaka kidonda rojo ya maharage iliyochacha na kukaa siku kadhaa akiwa mpweke kweli kweli.

Goti la Mallye lilikuwa halina kitu. Alikwenda viwanda vya nguo vya Daegu akiwa msichana, na sasa alikuwa na kibanda cha vitoweo sokoni kulekule.

Alikuja kwa ajili ya sanda. Mwezi wa ziada huja kila baada ya miaka kadhaa, kalenda ya wazee inapohitaji kuvutwa ifikie majira, na kwa kuwa si mwezi hasa, miungu hawaukagui. Ndani yake mtu anaweza kuhamisha kaburi, kubomoa choo au kushona sanda bila kumuudhi yeyote. Aliyeshonewa sanda mwezi huo huongezewa umri. Wenzake Okdan wote walikuwa na sanda zao kabatini tangu zamani. Yeye alikuwa ameiacha miezi ya ziada ipite, mara macho yanamsumbua, mara kuku wanataga, na Mallye aliapa kwamba safari hii hatakubali sababu.

Kitambaa kilikuwepo, kila mtu alijua. Samgol hufuma sanda za nchi nzima, na majora yote ambayo Okdan aliwahi kufuma yalibebwa kwenda sokoni na baba mkwe wake, kisha na mumewe. Isipokuwa moja. Mwaka mmoja wa mvua nzuri, Mallye akiwa bado mtoto wa shule, Okdan alifuma jora laini kiasi kwamba ulipolipulizia lilitetemeka. Alilifunga, akaliweka kwenye kasha la mbao pamoja na majani ya tumbaku, akasema, "Hili langu." Mallye hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo juu ya kitu kingine chochote, hata bakuli. Okdan alitaka azikwe nalo. Hakuwa na ombi lingine kwa dunia.

Mallye alifungua kasha. Yalikuwemo majani ya tumbaku tu.

"Mama, jora liko wapi?"

Okdan aliendelea kusokota. "Nondo wamelila."

Wakati huo alikuwa anaingia Mama Yean, jirani wa ukuta wa pili, ambaye huitwa kwa kijiji alikozaliwa kama wanawake wote wa rika lake. Alikuja na kastabini kidoleni, tayari kwa kushona.

"Nondo gani, dada?"

"Nondo. Hawa wetu."

"Nondo wetu wanakula kitambaa?" Mama Yean alicheka mpaka akashika mlango. "Basi na mimi jogoo wangu anakunywa pombe ya mchele! Dada, wale wanakula shina bichi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha—"

Okdan alimtazama. Mama Yean akafyata mdomo, akavua kastabini na kuitia mfukoni.

Jioni hiyo nondo walikuja. Waliingia kupitia dirisha la jikoni, wakiruka chini chini na kwa shida kama kawaida yao, wakatua juu ya kasha tupu na kukunja mabawa. Hawakuizunguka taa. Mallye alikula wali wake na dagaa, akaosha vyombo, na alipogeuka walikuwa bado wapo, wamepangana, vichwa vyote vimeelekea alipoketi mama yake.

"Wanataka nini?" aliuliza.

"Wamechoka. Waache."

Kesho yake waliongezeka. Walitua kwenye jiko la umeme la wali, kwenye mifuniko ya mitungi uani, kwenye redio. Okdan alipovaa blauzi walikuwa mikononi mwa blauzi. Hawakuharibu kitu na hawakula kitu. Mama Yean alipita na bakuli la tango, akachungulia na kutikisa kichwa.

"Umewasingizia, dada. Hata mimi ningekuja."

"Nenda zako."

"Naenda. Lakini yule mwenye bawa lililokatika, pale kwenye redio, ndiye dada yao mkubwa. Mama yao kalala gotini mwako. Mtoto wa mtu humwambii mwizi ukatulia."

Neno hilo lilimchoma Okdan kuliko alivyotaka ionekane. Alizima redio, akajisogeza kwa makalio mpaka kwenye kasha, kwa sababu goti halikumruhusu kusimama upesi. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta.

"Nisameheni," aliwaambia. "Si ninyi. Ninyi hamkula hata uzi. Niliogopa kusema, nikaona ninyi hamna mdomo."

Mallye, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu uani, aliweka kisu chini.

Basi Okdan akasimulia, akiwatazama nondo na siyo binti yake. Shemeji yake mkubwa, kaka wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Hakutaka kushonewa sanda. Alisema ni kuialika mauti. Mauti ikaja bila mwaliko, kwenye theluji, katika mwezi wa kawaida, na Nyumba Kuu, nyumba ya wakuu wa ukoo, ikawa haina cha kumvika. Wake wa ukoo walishuka kwa Okdan. Walisema ni aibu mkuu wa ukoo wa watu wa katani kuvikwa pamba. Walisema watarudisha jora jingine kama lile, msimu utakaofuata. Walisema pia kwamba kilichokwenda na maiti hakitajwi tena, maana kukitaja ni kumvuta marehemu mguu. Msimu ulifuata, na mingine baada yake. Okdan alingoja bila kukitaja.

"Kwa nini hukutuambia?" Mallye aliuliza.

"Ungepanda kule ukapiga kelele."

"Ningepanda! Na sasa hivi napanda!"

"Ukafanye nini? Ukamvue?"

Mallye alibaki na mikono inayonuka vitunguu na hakujua aipeleke wapi. Mwishoni aliketi nyuma ya mama yake na kuegemeza paji la uso kwenye mgongo wake mdogo, akalia kwa hasira. Okdan alimpigapiga goti, lile goti lisilo na kitu. Nondo, ambao sasa walikuwa wameshaambiwa ukweli, hawakuondoka. Walihama tu kutoka kwenye kasha wakaenda kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, wakatazama nje.

Asubuhi iliyofuata alikuja Suhyang, mke wa mkuu wa ukoo wa sasa, yaani mke wa mtoto wa yule marehemu. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, na alikuja na matikiti madogo ya njano kwenye kikapu na furushi lililofungwa kwa kitambaa cha hariri. Kabla hajavua viatu, nondo waliinuka kizingitini na kutua juu ya furushi, wote, mpaka rangi ya hariri haikuonekana.

"Mama mdogo, umeamkaje? Umekula?" Suhyang aliwapeperusha kwa kiganja, taratibu, nao wakarudi palepale. "Joto hili! Mwaka huu wadudu ni wengi."

"Ingia, ingia. Nyumba chafu."

Walikula tikiti. Walizungumza juu ya mvua na juu ya mtoto wa Suhyang aliyeko Seoul ambaye haoi. Kisha Suhyang akasema mumewe ameanza kukohoa tangu masika, si ugonjwa, ila mwezi wa ziada ukishapita mtu hajui atauona tena lini. Akafungua furushi. Nondo walijisogeza kumpisha.

Kilikuwa kitambaa cha katani, kimekunjwa vizuri, cha rangi ya asali. Mallye alikijua kabla hajakigusa.

"Baba mkwe alikuwa mdogo wa mwili," Suhyang alisema. "Wakati ule kilibaki kingi. Nimekitunza mwenyewe, sikumruhusu mtu. Tukasema, mkono wa kukishona ni wa mama mdogo tu."

Okdan aliweka kiganja juu ya kitambaa.

"Hiki ni changu," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, iliyosikika vizuri. Mallye aliacha kutafuna. Hata Mama Yean, aliyekuwa ameinama upande wa pili wa ukuta akijifanya anapalilia, aliacha kupalilia.

"Ndiyo, mama mdogo," Suhyang alijibu kwa upendo wote, akiinamisha kichwa. "Ndiyo maana tumekuletea wewe. Nani mwingine anakijua kama wewe?"

Alimshukuru, akamwachia matikiti yaliyobaki, akavaa viatu na kwenda. Hakuwa mtu mbaya. Alipofika njiani aligeuka na kuinama tena.

"Mama!" Mallye alisema.

"Nilisema ni changu. Umenisikia."

"Nimekusikia!"

"Na yeye kanisikia. Basi. Lete mkasi."

Mallye aligoma siku nzima. Alikwenda Andong akanunua kitambaa cha dukani kwa ajili ya sanda ya mama yake, kigumu, cha manjano, chenye harufu ya mfuko kilimofungwa na karatasi ya kumetameta iliyosema kimefumwa na mikono ya bibi zetu. Alikitupa sakafuni. Nondo walikizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi. Okdan alikinusa, akasema hakina ubaya, ataona vibaya zaidi huko aendako. Kisha Mama Yean alikuja na kastabini yake, na wote watatu wakaketi kushona sanda mbili, moja ya asali na moja ya manjano.

Sanda ya kwetu hushonwa kama nguo za sherehe: koti refu, suruali, soksi, vitu vya kufunika uso na mikono. Uzi haurudishwi nyuma na haufungwi fundo popote, ili anayekwenda asishikwe na kitu. Mtu hushona akicheka, kwa sababu kicheko ndicho huongeza umri.

"Mkuu wa ukoo ana kitambi siku hizi," Mama Yean alisema. "Ongeza hapa. Akifika kwa baba yake suruali imembana, tutalaumiwa sisi."

"Atapungua akifika," Okdan alisema.

"Na wewe dada hii yako imekuwa pana. Utapotea humu, malaika wa mauti akutafute kwa tochi."

Nondo walitua juu ya kitambaa cha asali, kwenye mstari wa mshono. Wanawake waliwapuliza kidogo ili sindano ipite, nao waliinuka, wakashuka tena nyuma ya sindano. Okdan alishona vizuri. Mallye alitamani angeshona vibaya hata kidogo, hata kwa bahati mbaya, lakini mama yake hakuweza. Mkono wake ulikipenda kile kitambaa, na ulikilaza na kukigeuza kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala.

Kwa hiyo Mallye alifanya lake. Kwenye shingo ya koti, ndani kabisa, alifunga fundo dogo la uzi, akalibana kwa kucha, akalifunika kwa mshono. Mama Yean aliliona na kutazama juu ya paa.

Koti lilipokwisha, Okdan alilipitisha mikononi, mshono baada ya mshono, macho ameyafumba. Shingoni kidole kilisimama. Nondo mmoja alikuwa ameketi palepale.

Hakuuliza ni nani. Alichukua sindano, na kwa kuwa macho hayakumsaidia, alilifungua fundo kwa kupapasa, kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Mallye alisubiri agombezwe.

"Naye anakohoa," Okdan alisema. "Mwache aende vizuri."

"Na wewe je, Mama? Wewe nani alikuacha uende vizuri?"

"Mimi bado nipo."

Mwezi wa ziada haujaisha, Suhyang alikuja kuichukua sanda ya asali. Aliisifu mpaka akatokwa na machozi. Aliomba na vipande vilivyobaki, kwa kuwa mabaki ya sanda hayaachwi nyumba ya mwingine, na Okdan alimpa vyote kwenye furushi. Nondo walikwenda na kitambaa. Walipanda njia ya Nyumba Kuu nyuma ya Suhyang, wingu dogo la kahawia linaloyumbayumba kwenye usawa wa magoti, na wapo kule mpaka leo, kizazi hata kizazi, juu ya kabati la mkuu wa ukoo. Suhyang aliweka naftalini ya kuwafukuza. Wanalala juu ya naftalini. Amezoea, na huwaambia wageni kwamba hawaharibu kitu, jambo ambalo ni kweli.

Sanda ya manjano iliingia kwenye kasha pamoja na majani mapya ya tumbaku.

Jioni hiyo, Mallye akifunga mzigo wa kurudi Daegu, mama yake aliingiza mkono kiunoni, ndani ya mkanda wa sketi, akatoa kitambaa kidogo cha rangi ya asali, kisichozidi upana wa kiganja. Kilikuwa na joto la mwili. Nondo mmoja alikuwa amekishikilia kwa miguu yake yote, yule mwenye bawa lililokatika.

"Mama! Umeiba?"

"Kimeangukia humu."

Mallye alicheka, mara ya kwanza tangu aliposhuka kwenye basi, na mama yake akacheka pia huku amefunika mdomo.

"Hakitoshi hata soksi," Mallye alisema.

"Kinatosha kifuko cha kucha." Mtu akifa kwetu hukatwa kucha, zikatiwa kwenye vifuko vidogo na kulazwa pembeni yake, asipungukiwe na kitu chake. "Nishonee sasa hivi, kabla mwezi haujaisha. Mimi sioni tena."

"Ukoo mzima, jora zima, nawe unapata kifuko cha kucha tu?"

Okdan alinyoosha vidole mbele ya taa. Kucha zilikuwa nene, zimepasuka katikati, nyeusi mizizini.

"Meno walinitengenezea mengine, mgongo wanaubandika plasta," alisema. "Hizi ndizo zilizoichana katani yote ile. Zilale pazuri."

Mallye alitia uzi kwenye sindano. Alimpuliza nondo, nondo akasogea, naye akaanza kushona bila kufunga fundo.